Wazee Wasioitikia Salamu

Ukiingia dukani kwake na kuuliza bei kabla ya kusalimu, ulikuwa umekwisha kukosea. Hakukufukuza. Alikutazama tu juu ya miwani yake, akaendelea kukunja kitenge alichokuwa anakikunja, nawe ukabaki umesimama mbele ya kaunta mpaka akili ikurudie. Nimewaona watu wazima, wanunuzi wa pamba wenye magari yao nje, wakitoka na kuingia upya ili waanze vizuri. Shikamoo mama. Marahaba, watoto hawajambo, mvua imenyesha huko? Baada ya hapo ndipo bei ilipotajwa, na hapo ndipo ulipoanza kulia, maana kwenye bei hakuwa na huruma na mtu.

Shinyanga nzima tulimwita Mama Duka. Alikuwa Mhindi, wa zile familia za wenye maduka waliokaa kwetu mpaka Kisukuma chao kikanyooka kuliko cha wengi wetu. Wazee wa vijijini walipoingia na fimbo zao, aliacha kaunta, akatoka mbele, akawaambia "Mwangaluka, baba," huku amepiga magoti kidogo, sari na yote. Wengine walikuwa hawana haja ya kitambaa. Walikuja mjini kwa shughuli zao, wakapita kusalimiwa tu, wakaenda zao wameridhika.

Mimi nilikuwa fundi wake wa barazani. Enzi hizo kila duka la vitambaa lilikuwa na fundi cherehani nje: mteja ananunua ndani, anatoka, anapimwa palepale. Yeye aliuza, mimi nikakata. Tulifanya kazi hivyo miaka mingi ya tisini, mpaka dhahabu ya Geita iliponivuta kama ilivyowavuta wengine.

Hapa Geita watu wananijua kwa ubishi wangu mmoja, kwamba sipendi sehemu ya pili ya kitu chochote. Wanangu wakiniletea mkanda wa filamu na kusema baba, hii ni ya pili, ya kwanza uliipenda, mimi nawaambia basi ya kwanza inatosha. Wananicheka. Hawajui kwamba somo hilo nililipata kwa Mama Duka, kwenye mchezo wa televisheni, nikiwa mtu mzima mwenye mke na kanda ya kupimia shingoni.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mjukuu wake. Mtoto yule alilelewa na bibi yake, wazazi wakiwa wametangulia Ulaya kutafuta maisha, na ndugu mmoja wa familia alimletea kutoka Dubai kimashine cha kuchomeka kwenye televisheni pamoja na kaseti moja ya njano. Vikawekwa chumba cha nyuma, kati ya majora ya khanga na kiroba cha michembe. Mama Duka alipenda michembe kupita kiasi. Aliichemsha, akaila na achari ya pilipili na chai ya tangawizi, na akisikia mtu anasema viazi vikavu ni chakula cha njaa alimwambia asimtukanie chakula.

Ulikuwa mchezo wa safari. Unapewa kijana mwenye upanga, na kijana huyo ndiye wewe. Unamtembeza kijijini, porini, mapangoni; anapambana na mazimwi, anajifunza uganga, anapata marafiki njiani, na wewe ndiye unayeamua awe mtu wa namna gani. Maandishi yalikuwa ya kwao walioutengeneza, huko mashariki ya mbali, yamekaa kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Mjini hapakuwa na mtu wa kuyasoma. Kwa hiyo Mama Duka aliyasoma kwa kuwatazama watu usoni. Akitokea mzee mwenye ndevu na kisanduku cha maandishi chini yake, Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza, akatwambia: "Anasema ng'ombe wake wamepotea upande wa mlimani, tuwe waangalifu." Mjukuu aliamini. Baadaye na mimi niliamini.

Kisha wazazi walimwita mtoto akasome huko huko Ulaya, na safari ilikuwa katikati. Siku ya kuondoka alimwambia bibi yake aumalizie, akikua atamletea sehemu ya pili, maana alikuwa na uhakika kwamba itakuwepo, na hiyo wataicheza pamoja. Mama Duka aliishika ahadi ile kuliko watu wanavyoshika za serikali.

Ndivyo nilivyoingia mimi. Duka lilifungwa mchana kwa chakula, jua la Shinyanga likiwa halina mchezo, nami nilizoea kujinyoosha chini ya cherehani. Siku hiyo aliniita ndani, akaniwekea mkononi pedi, kile kidude chenye vitufe vya kuchezea. Tatizo lake lilikuwa moja. Alikuwa hali nyama wala haui kitu. Nilishamwona akimtoa nge dukani kwa ile fimbo ya kupimia kitambaa, taratibu kabisa, akimwonyesha njia ya kwenda kwa jirani. Sasa mazimwi ya mchezoni yalitaka kupigwa, na mpiganaji wake alikuwa amepanda ndege.

"Fundi," alisema, "mimi nitatembea na kusalimu. Wewe utapigana."

Tukagawana kazi hivyo. Yeye alimtembeza kijana, akijitokeza adui ananipa pedi na kugeuza uso ukutani. Nikimaliza aliuliza, "Amekufa?" Namjibu amekimbia. Anajua ninadanganya, anapokea pedi. Siku za mfungo wake tulikuwa hatupigani kabisa. Tulibaki vijijini tukitembelea watu. Lakini msimwone mpole mno. Zimwi moja lililotuibia farasi lilimtia hasira hata akasahau kugeuka ukutani, akaniambia nilikate vizuri, na jioni yake akawasha ubani zaidi ya kawaida.

Jambo lililotufunga kwenye mchezo ule lilikuwa daraja. Katikati ya daraja la kutokea kijiji cha kwanza alisimama mzee, na hakusogea. Tulibonyeza, akafungua kisanduku, akasema yake, akabaki palepale. Mimi nilishauri tumpige, pedi haikukubali. Tukakwama kitambo kirefu. Mama Duka aliwaza jambo lile hata wakati wa kupima vitambaa. Nilimsikia akimwuliza mteja mmoja kutoka Ushetu, mkulima wa tumbaku, kwao mzee akikuzuia njia huwa umemkosea nini. Yule bwana alijibu bila kufikiri, maana kwa mtu wa kwetu swali hilo si gumu: umepita nyumbani kwa watu bila kuwasalimu.

Basi tulirudi. Tuliingia nyumba moja baada ya nyingine, tukianza na wakubwa, umri wao Mama akiukadiria kwa ndevu na mgongo, na kila mmoja tukambonyeza mpaka akafungua kisanduku chake. Nyuma ya nyumba ya mwisho kulikuwa na jiko ambalo hatukuwahi kuliona, na ndani yake bibi kizee anachochea chungu. Tukamsalimu. Tuliporudi darajani, yule mzee alikuwa amesogea kando. Niliruka nikaangusha kiroba cha michembe. Mama Duka hakuruka. Alisema tu kwamba alijua, bibi wa jikoni ndiye mama wa yule mzee, na mtu hawezi kukufungulia njia wakati mama yake hujamwona.

Baadaye vijana wajuzi waliniambia kwamba michezo ya namna ile huundwa hivyo, lazima uzungumze na kila mtu ndipo njia ifunguke, na wala haihusiani na adabu. Inawezekana. Nami nawauliza, kama si adabu, waliounda mchezo waliitoa wapi kanuni hiyo?

Tangu siku hiyo ikawa sheria. Hatuondoki kijijini kabla ya kuwaaga wote, hatuingii bila kuwasalimu wote, na tukirudi kutoka safari ndefu tunawapitia tena kuwapa habari. Safari ambayo wengine huimaliza kwa likizo moja ya shule, sisi ilituchukua kutoka msimu mmoja wa pamba hadi mwingine, na zaidi. Kukatika kwa umeme nako kulikuwa na mchango wake. Kabla ya kuacha tulimpeleka kijana kulala kwenye nyumba ya wageni, sisi tukiita gesti, maana ukimlaza pale mchezo unakumbuka ulipoishia. Fundi redio wa mtaa wa pili alitwambia kumbukumbu hiyo inatunzwa na betri ndogo ndani ya kaseti, kama ya saa, na ikiisha nguvu kila kitu kitasahaulika. Kuanzia hapo Mama Duka aliishika kaseti kama yai. Niliishonea mfuko kwa kipande cha khanga, na mama yule, ambaye hakuwahi kunipa hata uzi wa bure, alinikatia khanga mpya kutoka kwenye jora.

Alikuwapo pia mchimbaji mmoja aliyekuwa akija kutoka Geita kila akipata dhahabu, kushonewa suruali. Mara ya kwanza alicheka sana. Mama, alisema, hao si watu, ni taa tu. Mama Duka hakubishana naye, alimpa kiti na chai. Safari iliyofuata yule bwana akavuta kiti karibu na kutazama. Ya tatu, kabla hajanitajia kiuno chake, akauliza kama Mzee wa Daraja hajambo. Mwishowe ikawa haturuhusiwi kuingia pangoni bila ushauri wake. "Duara lisilo na matimba ni kaburi, Mama," alikuwa akisema, yaani shimo lisiloegemezwa kwa magogo, na Mama akamzungusha kijana wetu mlangoni akitafuta magogo kwa macho.

Hadithi, kwa jinsi tulivyoielewa, ilikuwa ya mtoto anayemtafuta mama yake. Mwanzoni kabisa kulikuwa na mwanamke mwenye joho jeupe anayepanda mashua na kuvuka ziwa, na kijana anabaki ufukweni. Mama Duka alisema ni mama yake. Ilipofika mwisho, baada ya mapango yote, kijana alisimama tena kwenye ufuko uleule, mashua tupu ikamjia, akapanda, pakawa peupe, maandishi yakapita, basi. Hatukuonyeshwa ng'ambo. Tulikaa chumba kile kwenye joto. Nilijifuta macho kwa kanda ya kupimia, nasema wazi, sina aibu. Mama Duka alisema ya pili itaanzia ng'ambo, watakutana.

Akaingoja. Mjukuu alipopiga simu kutoka Ulaya walizungumza hayo. Nilimsikia akiuliza kwa sauti ya juu, kama mtu anayepigia ukelele mwenzake wa ng'ambo ya mto, kama imetoka. Ilitoka. Akaniambia siku hiyohiyo, nami nikaacha suruali ya watu nusu.

Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mjukuu alikuja mwenyewe, kijana mrefu mwenye sauti nzito, Kiswahili chake kimetoboka huku na huko kama shati lililoliwa na mende, lakini macho ni yaleyale. Alinikumbatia barazani. Alibeba mashine mpya na sehemu ya pili kwenye begi la mgongoni, hakutaka vikae na mizigo mingine. Alibeba pia neno kutoka kwa baba yake: duka limepata mnunuzi, Bibi amezeeka, ni wakati wa kuhamia kwao Ulaya. Alimwambia hivyo mezani, halafu kwa haraka akasema, lakini kwanza tucheze.

Sitaki kuwa mwongo. Ilikuwa nzuri. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Maji yalikuwa yanacheza, jua linazama na kivuli cha miti kinarefuka, muziki kama wa watu wengi waliokaa chumbani. Na maandishi yalikuwa ya Kiingereza, mjukuu aliyasoma na kuyatafsiri vizuri kabisa. Kijana wetu hakuwepo. Alikuwepo mwingine mwenye upanga mkubwa kuliko yeye, ambaye, tuliambiwa, ameishi miaka mia baada ya yule.

Mama Duka akashika pedi, akamwendea mzee wa kwanza aliyemwona, ameketi mbele ya nyumba yake. Akabonyeza. Mzee kimya. Akabonyeza tena.

"Imeharibika?"

"Hapana, Bibi. Huyo ni pambo tu. Wenye la kusema wana alama juu ya kichwa."

"Pambo?"

"Wa kujaza kijiji."

Alimtazama yule mzee wa kujaza kijiji. Alikuwa amechorwa vizuri, hata mikunjo ya shingo. "Shikamoo," akamwambia kwa mdomo, polepole. Kisha akaenda kwa wa pili, na wa tatu, na mama aliyekuwa anaanika nafaka, kijiji kizima, mjukuu akimweleza kwa upole kwamba hakuna haja, kuna mshale pale juu unaoonyesha pa kwenda. Ni kweli ulikuwepo. Tulipoufuata tulifika darajani, na juu ya daraja hapakuwa na mtu.

Tulicheza hivyo wiki nzima, duka likiwa linafungwa mapema. Mimi nilipigana, na hata kupigana kulikuwa kwepesi. Siku ya mwisho mjukuu alituonyesha alichojua tunakingoja. Tulifika ng'ambo ya ziwa. Kulikuwa na jiwe, na kwenye jiwe maneno. Akayasoma: malkia fulani, aliyevuka maji akitoka nchi ya magharibi, alifariki hapa zamani.

"Malkia?" Mama Duka akauliza.

"Ndiye yule wa joho jeupe, Bibi. Hakuwa mama yake. Sisi tulidhani tu."

"Sawa. Alikuwa na nani alipokufa?"

Mjukuu akabonyeza tena. Maneno yakarudi yaleyale.

"Haijaandikwa."

Mama Duka aliweka pedi mapajani, akakunja mikono juu yake. Hakulaumu. Aliuliza tu kama kuna chai, na mjukuu akaenda kuitengeneza.

Jioni ile kijana alinifuata barazani. Aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia, mtu amebeba zawadi mgongoni kutoka Ulaya. Aliniuliza amekosea wapi, maana mchezo huu ni bora kuliko ule kwa kila kitu. Nikamwambia ni kweli, ni bora. Sasa? Nilikuwa na suti mezani, nikamwonyesha. Suti unaweza kumpa fundi mwingine akurudishie ya pili, kitambaa kilekile, vipimo vilevile vimeandikwa, lakini ukiivaa inakukaa kama ya mtu mwingine. Fundi yule hakukuona ukicheka, hakujua bega lako moja linashuka. Ule wa kwanza ulikuwa na matundu mengi, bibi yako akayaziba kwa mkono wake, na wewe ukiwepo. Huu wameujaza wenyewe. Hawakutubakizia pa kupitisha sindano.

Alikaa akichora chini kwa kidole cha mguu. Kisha akaniambia kitu ambacho nilimpendea tangu siku hiyo. Alisema aliumaliza zamani, kule, peke yake chumbani, na hakusikia chochote. Akadhani ni kwa sababu alicheza peke yake. Akadhani akiuleta kwenye chumba kile cha michembe utakuwa ule.

Mama Duka na mimi tulizungumza wakati wa kufunga milango. Nilitegemea aseme habari za mchezo.

"Nilikwenda kuwatembelea kule mwaka ule, unakumbuka," alisema. "Nilikaa mlangoni asubuhi nikawasalimu wanaopita. Pazuri sana, Fundi. Maua hata barabarani. Hakuna aliyeitikia."

Nikamwambia basi asiende.

"Mtoto ameniita. Utamwambia nini mtoto?" Akasukuma komeo. "Ila naogopa. Naogopa nife mahali ambapo hata wakiandika, hawataandika nani alikuwepo."

Nilimshika mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya miaka yote ile, akauacha ushikwe.

Akaenda. Duka likachukuliwa na watu wa vifaa vya ujenzi, ambao hawakuhitaji fundi cherehani. Siku ya kuondoka aliupitia mtaa mzima, akianza na wakubwa, basi likamngoja. Mimi aliniachia kile kimashine cha zamani na kaseti ndani ya mfuko wake wa khanga. Akaniagiza nisicheze, nimtunzie. Nikahamia Geita na cherehani yangu, nikaviweka juu ya kabati, na mke wangu akavifunika kitambaa cha kufuma.

Miaka ikapita, si mingi. Asubuhi moja, miaka ya elfu mbili ikiwa imeanza, nilikuwa mlangoni kwangu natia uzi. Basi la Mwanza likashusha watu, na katikati yao nikamwona ajuza wa Kihindi amevaa sweta kwenye jua la Geita, na kijana mrefu mwenye begi mgongoni. Nilimtambua kabla hajageuka. Nilitaka kukimbia, lakini nikaona anachofanya, nikasimama.

Alikuwa anasalimu. Mtaa huu haumjui, naye haujui, lakini alianza na mzee wa baiskeli, mkubwa wetu, akapiga magoti kidogo na sweta lake. Mzee akaacha mnyororo, akaitikia, akauliza ametoka wapi, akapewa jibu refu. Akaenda kwa mama wa mgahawa. Akaenda kwa muuza chumvi. Aliniona, nilijua ameniona, lakini hakuruka mtu. Nikangoja zamu yangu, maana mimi nilikuwa mdogo kuliko wote pale. Aliponifikia nilikuwa bado nimeshika uzi. Shikamoo ilitoka nusu.

"Marahaba, Fundi," akasema. "Watoto hawajambo?"

Amekonda. Mjukuu aliniambia pembeni kwamba kule Bibi ameacha kusema, anakaa dirishani tu, na kila akiulizwa anataka nini anasema Shinyanga. Wakaenda Shinyanga, wakakuta mabati na misumari, kisha akasema Fundi yuko Geita. Wamekuja kuniona, alasiri wanarudi Mwanza na basi lilelile, na baada ya siku chache ndege. Baba amesisitiza. Alisema hivyo akitazama viatu vyake.

Mke wangu alichemsha michembe. Mama Duka alikula, akatazama kabati, akauliza kama yule ninayemtunzia yupo. Nikateremsha mfuko wa khanga. Rangi ilikuwa imepauka kidogo, mshono haujalegea. Tukachomeka. Mashine ikawaka, nami nikatafuta mahali tulipomlaza kijana wetu, kwenye gesti ya mwisho karibu na ziwa.

Hapakuwa na kitu. Betri ilikuwa imekwisha. Safari yote, kila kijiji, kila pango, vimesahaulika, na kwenye kioo amesimama kijana mwenye upanga wa mti, mlangoni kwao, kijiji cha kwanza, hajaondoka hata hatua.

"Bibi, pole," mjukuu akasema.

Nilijiona nimepewa mtoto nimlee nikamwacha afe kabatini. Nikamtazama Mama Duka, naye amesogeza kiti mbele, ameweka miwani vizuri, anahesabu ndevu.

"Wote wapo?" akauliza.

"Wapo, Mama. Lakini hawatukumbuki."

"Basi hatujawasalimu bado," akasema, akanyoosha mkono apewe pedi.

Nje dereva akapiga honi. Mjukuu akasimama, akasema Bibi, basi hilo. Honi ikapigwa tena. Hakuinua macho. Alimwambia aende akamwambie dereva atangulie, asingoje mtu, yeye ana wazee hapa na hawezi kuwapita. Kijana alinitazama, akamtazama bibi yake, na sikumsaidia. Akatoka. Nilimsikia akizungumza na utingo, kisha nikasikia injini ikipanda kilima. Aliporudi alivua begi mgongoni, akalisukuma chini ya cherehani, akaketi mkekani miguuni pa bibi yake, mahali alipokuwa akiketi zamani, ingawa magoti sasa yalimfika kidevuni.

Mama Duka alimfikisha kijana wetu mbele ya mzee wa kwanza, akabonyeza. Kisanduku kikafunguka, na ndani yake njiti zilezile za kiberiti ambazo hakuna mtu Geita anayejua kuzisoma. Akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho.

"Anasema marahaba," akatwambia. "Anauliza mbona tumechelewa."